Mvuke usioonekana mdomoni mwa Stalin

Itafute ile filamu ya Kisovieti ya mwaka 1942 kuhusu vita vya Moscow, iliyoongozwa na Leonid Varlamov na Ilya Kopalin. Fika pale Stalin, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, anapohutubia gwaride la tarehe 7 Novemba 1941, halafu usihangaike na maneno, mtazame mdomo. Uwanjani theluji inawaangukia askari, lakini yeye anaongea na ule mvuke wa pumzi unaoonekana kwenye baridi kali haumtoki kabisa.

Siku ile gwaride lilianza saa 2 asubuhi badala ya saa 4, kwa kuhofia ndege za Wajerumani waliokuwa wameukaribia mji. Siri ilikuwa kubwa hata wapiga picha wakachelewa, hotuba ikapita bila kurekodiwa inavyotakiwa. Ikabidi irudiwe. Ndani ya ukumbi wa Kremlin, makao ya serikali, mafundi wakajenga kwa mbao mfano wa jukwaa la kaburi la Lenin, mwasisi wa dola hiyo, ambako viongozi walikuwa wakisimama kupokea heshima. Madirisha yakafunguliwa ili baridi iingie. Pumzi ikagoma kuonekana.

Mimi ni mhariri wa video, na sherehe za kitaifa nimezihariri nyingi, kwa hiyo kishawishi hicho cha kumtengenezea mkubwa picha nakijua. Mgeni rasmi asipoonekana vizuri, simu zinapigwa usiku uleule. Askari aliyeshinda juani akifanya mazoezi asipoonekana, hakuna anayemuulizia.

Kinachoniuma ni kwamba gwaride lile halikuhitaji kuongezewa kitu. Wengi wa askari wale, makoti mazito na bunduki begani, walitoka pale Uwanja Mwekundu wa Moscow wakaelekea vitani. Marshal Budyonny alitokeza juu ya farasi kwelikweli, katika theluji ya kweli. Ujumbe wa kisiasa ulikuwa kwamba Moscow haijaanguka na kiongozi wake hajaondoka, na ushahidi wa hayo ulikuwepo pale pale uwanjani. Ila sura ya kiongozi ilitakiwa ijae kwenye kioo, basi ukumbi ukaunganishwa na uwanja, mtazamaji asiambiwe. Leo anayegundua habari ya pumzi anaanza kuwatilia shaka hata askari waliokwenda kufa.

Filamu yenyewe ina nguvu, na toleo lake la Kiingereza lilipewa Oscar mwaka 1943. Lakini angalia nani amepewa nini. Kiongozi ana jina, ana sauti, anaangaliwa kwa karibu. Askari wamepewa safu.

Gwaride la ushindi la tarehe 24 Juni 1945 nalo lilipigwa picha, mvua ikinyesha, Marshal Zhukov juu ya farasi mweupe, Marshal Rokossovsky juu ya mweusi. Kisha wanakuja askari na bendera 200 za majeshi ya Hitler, wanazitupa chini mbele ya kaburi la Lenin, mikono yao imevaa glovu. Mimi hurudisha nyuma hapo, niitazame tena ile mikono.

Wenzangu mnaohariri sherehe za Uhuru za 9 Desemba hapa Tanzania, nawaomba: likifika gwaride la kimyakimya, lile lisilo na amri za sauti, mshusheni mtangazaji, buti zisikike. Toeni kamera jukwaa kuu, ipelekeni kwenye nyuso za mstari wa pili na wa tatu, na muiache hapo mpaka tuwatambue watoto wetu. Na hotuba ikilazimika kurekodiwa upya, iandikwe kwenye kioo kwamba imerekodiwa upya, wapi na siku gani.