Mkoba ulionijibia hojaji

Kaka mmoja aliyenitangulia chuoni aliniambia ile sehemu ya tasnifu inayoeleza nafasi ya mtafiti, yaani yeye ni nani mbele ya anaowahoji, ni ya kujaza kurasa tu: "Andika mtafiti hakuegemea upande wowote, songa mbele." Nikaiandika kabla hata sijapanda boti ya kwenda Unguja.

Paje nilifika na hojaji zangu ndani ya mkoba wa warsha fulani ya mazingira, wenye nembo kubwa ubavuni. Nikakaa chini ya mvinje, nikawahoji wakulima wa mwani kumi na mmoja kwa siku mbili. Wote jibu moja: mwani haulipi, kotonii, ile aina ya mwani yenye bei nzuri, inakufa kwa joto la maji, na viatu vya kuingilia baharini hawana. Jioni nikaandika, "Majibu yanafanana, hivyo yanaaminika." Nikajipongeza kwa soda.

Siku ya tatu bibi mmoja akanisimamisha: "Mwanangu, basi hivyo viatu vinakuja lini?"

Kumbe siku zote walikuwa wanaongea na mkoba. Kilimo cha mwani kilianza pwani ile mwaka 1989, na wenye madaftari wamepita wengi tangu hapo. Wanajua swali gani huleta nini.

Bamvua lilipokuja niliuacha mkoba chumbani, nikaingia majini kufunga mwani. Mimi wa Morogoro, hata kuogelea sijui! Kamba moja ilinichukua karibu saa nzima, na kesho yake mafundo yote yalikuwa yamefunguka, mwani umekwenda na maji. Walicheka mpaka wakakaa majini. Bibi yule yule, akinifungia upya, akaniambia vyumba viwili vya nyumba yake vimetokana na mwani. Juzi haukulipa.

Daftari nikalipiga mstari katikati: kushoto alichosema mtu, kulia siku hiyo alinichukulia kuwa nani. Mtu wa mradi, mwanafunzi, kijana wa Bara asiyejua fundo. Upande wa kulia ndio ulionipa sura nzima. Wala uanagenzi haukunifungulia kila kitu. Habari za waume zao zilikatika kila niliposogea.

Msimamizi alifuta kila "mimi" akaweka "mtafiti". Nikamkumbusha shajara ya mwanaanthropolojia Malinowski, iliyochapishwa 1967, miaka 25 baada ya kifo chake, imejaa chuki na manung'uniko ambayo vitabu vyake havikuyagusa. Akaguna, akaniachia.

Viatu nilinunua jozi moja, elfu ishirini na kitu, nikampelekea bibi. Hilo nalo limo kwenye Sura ya Tatu, na mtahini ameliwekea alama ya kuuliza.