Hakuna aliyemuuliza anaogopa nini

Mpaka wa Marekani na Mexico haukufungwa kwa kila mtu. Hata corona ilipopamba moto malori ya mizigo yalipita kila siku, na raia wa Marekani waliendelea kuvuka kwenda kutengeneza meno kwa bei nafuu Ciudad Juárez na kurudi kwao jioni. Waliofungiwa ni wengine.

Jirani yangu hapa Portland, Maine, ni mmoja wao. Ni mama wa Fizi, Kivu Kusini, Congo. Mimi ni mtu wa Kigoma, ng'ambo tu ya ziwa. Alifika kwenye daraja la mpakani, upande wa Mexico, mwaka 2021, mtoto mgongoni, akiwa ametokea Brazil na kupita msitu wa Darién, kati ya Colombia na Panama, ambao hapendi kuuzungumzia. Akalipa zile peso chache za kupita kwa miguu, akapanda hadi katikati ya daraja, kwenye mstari. Maofisa wawili wa Marekani walikuwa wamesimama pale. Pasipoti na karatasi za kutoka kwao alikuwa amezifunga kwenye mfuko wa nailoni zisilowe. "Hata hawakufungua ule mufuko," ananiambia. "Walisema mupaka imefungwa juu ya corona." Akageuzwa. Peso zake hazikurudishwa, na hilo linamuudhi mpaka leo. Kila akilisema lazima tucheke.

Amri yenyewe iliitwa Title 42, na msingi wake ni sheria ya afya ya mwaka 1944. Utawala wa Trump uliianzisha Machi 2020, Biden akaendelea nayo hadi 11 Mei 2023. Watu walifukuzwa zaidi ya mara milioni 2.8. Nasema mara kwa sababu wengi walirudishwa leo, kesho wakajaribu tena. Na sheria ya wakimbizi ya 1980 ipo, inasema mtu akishakuwa ndani ya Marekani anaweza kuomba hifadhi, hata kama hakuingilia kwenye kituo rasmi.

Anayeamini kwamba shida ilikuwa kirusi akumbuke Tijuana, Aprili 2022. Waukraine walifika kwa maelfu wakaruhusiwa kupita. Sina kinyongo nao, walikuwa wanakimbia vita. Lakini Wahaiti na Wahonduras waliokuwa wamekwama mji huohuo kwa miezi waliwatazama wakipita, na corona ilikuwa ileile.

Jirani yangu mwishowe alivuka mto wa mpakani. Mexico wakati ule ilikubali kurudishiwa raia wake na watu wa nchi chache za jirani. Wakongo hawakuwamo, kwa hiyo akishagusa ng'ambo haikuwa rahisi kumrudisha. Yaani alipokwenda kwa utaratibu, mchana, akiwa na karatasi mkononi, alifukuzwa. Alipojitosa majini na mtoto wa miaka miwili, akasikilizwa. Sijui ni nani alikaa mezani akaona huo ni utaratibu wa kulinda mpaka.

Title 42 ilipoisha tulipumua mapema mno. Kulikuwa na programu ya simu, CBP One, ya kuombea miadi: Kiingereza, Kihispania na Krioli ya Haiti, basi. Mpwa wa jirani yangu alihangaika nayo akiwa Tapachula, kusini mwa Mexico, kijana Mhaiti akimsomea, mpaka akapata miadi ya Februari 2025. Tarehe 20 Januari, Trump alipoapishwa tu, miadi yote ilifutwa. Siku hiyohiyo ikatoka amri iliyowaita watu hawa wavamizi na kuwafungia hifadhi mpakani. Julai 2025 jaji mmoja wa Washington alisema rais hana mamlaka hayo. Serikali ikakata rufaa. Mpwa anaosha magari Tapachula.

Sisi Watanzania nasi tusijifanye watakatifu. Machi 1995 tuliufunga mpaka wetu na Burundi watu wakiwa njiani wanakimbia, na Desemba 1996 tuliwarudisha Wanyarwanda kwa mkupuo, askari wakiwa nyuma yao.

Sidai mpaka uachwe wazi. Ninachodai ni chumba, mkalimani na swali: ukirudi kwenu unaogopa nini? Jibu likiwa halitoshi, sheria ina njia ya kumrudisha mtu. Kumrudisha kabla ya kumuuliza ndiko ninakokupinga, rais awe wa chama chochote.

Sasa ombi, hasa kwa mlioko Maine. Aliyekwisha kuingia ana mwaka mmoja wa kupeleka fomu ya kuomba hifadhi, I-589, na fomu hiyo hujazwa kwa Kiingereza. Karatasi za Kiswahili lazima zitafsiriwe, na mfasiri aweke sahihi yake. Kuna wazee wa Fizi na Uvira hapa wasiojua hata Kifaransa. Anayeweza kutoa Jumamosi moja aniandikie, nitamuunganisha na wanaohitaji.