Skrini ya gari iliyokuwa ikijibonyeza yenyewe

Nilikuwa kwenye foleni ya Mtongani, saa saba mchana, feni ya AC ikapanda yenyewe mpaka mwisho. Nikaishusha, ikapanda. Halafu upepo ukahamia miguuni. Halafu ukurasa wa redio ukafunguka na stesheni zikaanza kurukaruka, na mikono yangu yote miwili iko kwenye usukani.

Gari langu ni la haibridi, yaani lina injini ya petroli na mota ya umeme, la mwaka 2006, lilitumika Japani kabla ya kuja Dar. Kwenye gari hili skrini si pambo. Nguvu ya feni na mwelekeo wa upepo vinapangwa humo humo, hakuna kitasa cha kuzungusha. Kwenye usukani kuna vitufe vichache vya kupandisha na kushusha joto, na wiki mbili nzima nilijiokoa navyo hivyo.

Fundi wa kwanza aliitazama kwa dakika moja, tena bila kushusha mkoba wake. "Mwalimu, hii imekufa. Leta laki nane na nusu nikutafutie nyingine yote." Sikumlaumu sana, maana ndivyo kazi inavyofanyika siku hizi. Lakini picha ilikuwa safi, rangi zote zipo. Kilichoumwa ni tachi, lile tabaka la juu linalohisi kidole. Kwa nini nizike na kilicho hai?

Nikaibonyeza kwa ukucha. Ikaitika. Nikaibonyeza kwa kifuniko cha kalamu, ikaitika pia. Simu ya mkononi haifanyi hivyo, kwa sababu tachi yake inahisi ngozi inayopitisha umeme. Hii ya kwangu ni ya kukandamiza: juu kuna karatasi laini ya plastiki, chini kuna kioo, vyote vimepakwa utando mwembamba unaopitisha umeme, na katikati kuna vidoti vidogo sana vinavyozuia visigusane. Ukibonyeza, vinagusana pale pale ulipoweka kidole. Volti hupitishwa kwenye tabaka moja toka ukingo hadi ukingo, tabaka la pili likasoma ni volti ngapi zimefika pale, kisha wanabadilishana zamu. Namba ya kwanza inasema kulia au kushoto, ya pili inasema juu au chini. Ni ule ule waya wa potenshiomita, unaogawa volti kwa urefu wake, ninaowafundishia wanafunzi wangu kila mwaka, ila umelazwa ukawa bapa.

Jumamosi nikaanza. Betri ndogo ya volti 12 ya gari hili iko nyuma, kwenye buti, na kitasa cha buti ni cha umeme. Kwa hiyo nililiacha buti wazi kabla ya kuchomoa betri. Ukilifunga itakubidi utambae ndani mpaka nyuma ukatafute pa kulifungulia. Nyaya za rangi ya chungwa, zile za betri kubwa ya kuendeshea gari, sikuzisogelea hata kidogo. Huko ni zaidi ya volti 200, na skrini haihusiani nako. Nilisubiri dakika kumi ndipo nikagusa dashibodi, mifuko ya hewa ya ajali isije ikafyatuka. Na kama gari lako limetoka Japani, uliza kwanza kuhusu redio, kwani nyingi hujifunga betri ikichomolewa zikadai namba ya siri. Yangu haikujifunga, nashukuru.

Plastiki iliyokaa juani karibu miaka ishirini haitaki haraka. Nilitumia kijiko cha mbao nilichokifunga kitambaa, nikazilegeza klipu moja moja. Klipu moja ilivunjika hata hivyo.

Skrini ilipokuja mkononi nikaielekeza kwenye mwanga wa mlangoni. Kona ya chini kushoto kulikuwa na duara za rangi, moja ndani ya nyingine, kama mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya maji. Pale karatasi ya juu ilikuwa imelegea, imelala juu ya kioo. Nikachukua multimita, kile kipimo cha umeme. Utepe wa tachi, ule unaoiunganisha na skrini, una njia nne tu za umeme, mbili za tabaka la juu na mbili za chini. Kati ya tabaka la juu na la chini, kama hakuna anayebonyeza, mita haitakiwi kusoma kitu, maana umeme hauna pa kupita. Yangu ilisoma omu 1,400 na vidole vyangu viko mbali. Nikaisogeza juani, namba ikazidi kushuka, yaani tabaka zilizidi kugusana. Ndiyo maana ugonjwa ulikuwa unazidi mchana.

Kariakoo nilikwenda na rula. "Inchi saba" haitoshi kuwa kipimo. Nilimpa dada mmoja fundi simu upana, urefu, idadi ya njia na mahali utepe unapotokea. Akapekua maboksi matatu. "Baba, hii ya kwako siyo ya simu, ila ni ndugu yake," akasema, akanitolea moja ya milimita 165 kwa 100. Shilingi 35,000. Ya zamani aliibandua mwenyewe kwa upepo wa moto, taratibu, akipitisha uzi mwembamba katikati ya gundi na kioo cha picha. Nilishika pumzi muda wote, maana kioo cha picha kikipasuka hapo safari imeishia hapo.

Nyumbani nikaunganisha kabla ya kufunga klipu. Nikabonyeza kushoto, kikaitika cha kulia. Njia mbili za utepe zilikuwa zimepishana na za ule wa zamani. Kesho yake nilirudi Kariakoo, yule dada akazikata akazilehemu upya kwa nyaya nyembamba kama unywele, zikivukana. Hakunidai hata shilingi. Nilimlipa.

Jumatatu, foleni ya Mtongani, saa saba. Feni namba mbili, upepo usoni. Nikafungua ukurasa wa nishati nikatazama mishale ikitoka kwenye betri kwenda magurudumuni, gari likisogea pole pole bila mngurumo, na feni ikabaki pale pale namba mbili mpaka Mbagala Rangi Tatu.