Siku moja maishani mwangu: bahari alfajiri, futi kamba mchana

Saa kumi na robo alfajiri huwa nimeshaamka, kwa sababu mguu wa bandia hautaki papara. Mguu wangu wa kushoto ulikatwa juu ya goti nilipokuwa na umri wa miaka 16, baada ya bodaboda niliyopanda kugongwa na lori, na tangu hapo nimejifunza kwamba nikiuvaa mguu huu kwa haraka asubuhi, jioni nitauvua nikiwa na kidonda. Nalikausha gutu, nakagua ngozi kwa kioo kidogo, navaa soksi ya pamba, kisha mguu wenyewe.

Saa kumi na moja na nusu bajaji hunishusha Coco Beach.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Leo bamvua, na maji yameshaanza kupwa. Usiende mbali."

Mzee huyu ni mlinzi, na ndiye anayenitunzia mguu, akiuviringisha kwenye kanga yangu ili mchanga usiingie kwenye kiungo cha goti, kisha ananipa magongo yangu ya zamani niteremke nayo hadi majini. Mwogeleaji mwenye mguu mmoja akipiga teke la kawaida, kiuno humpinda upande. Ndiyo maana mguu wangu wa kulia hukata maji kwa mshazari, ukiingia katika nafasi ya ule usiokuwapo, na kufanya kazi ya usukani zaidi kuliko ya injini. Kunisogeza mbele ni kazi ya mabega. Nilipokuwa bado hospitalini, muuguzi mmoja alinisimulia habari za Natalie du Toit wa Afrika Kusini, aliyepoteza mguu wa kushoto mwaka 2001, na mwaka 2008 akafuzu mbio za kuogelea za kilomita 10 za Olimpiki ya Beijing, ambako alishindana na wanawake wenye miguu miwili na kumaliza wa 16. Mimi sikufika Beijing, lakini kwa miaka 9 hakuna mwanamke wa daraja langu aliyenitangulia kugusa ukuta katika mashindano ya hapa nchini.

Neno hilo daraja nalipenda, nami hulieleza kila ninapopata nafasi. Katika uogeleaji wa watu wenye ulemavu, wataalamu humpima mtu nguvu za misuli, mwendo wa viungo na namna mwili wake unavyofanya kazi majini, ndipo humpangia daraja: S1 hadi S10 kwa ulemavu wa viungo, S11 hadi S13 kwa ulemavu wa kuona, na S14 kwa ulemavu wa akili. Namba ikiwa ndogo katika kundi, kikwazo ni kikubwa zaidi. Mimi nilikuwa S9. Hakuna aliyenionea huruma kwa namba hiyo. Ilikuwa tu njia ya kuhakikisha kwamba anayeshinda ameshinda kwa kuogelea. Nilipotoka bwawani na kurudi mtaani niligundua kwamba nchi kavu hakuna anayepima kitu, bali ngazi hujengwa na wewe unaambiwa ujitahidi.

Siku hizi mimi ni diwani, na saa tatu asubuhi kamati yetu ilikwenda kukagua ujenzi wa zahanati moja katani. Tulikuwa madiwani watano, mhandisi, mtendaji wa kata na fundi mwenyewe. Taarifa iliyosomwa ilisema kwamba jengo "limezingatia mahitaji ya watu wenye ulemavu", na kweli, pembeni mwa ngazi kulikuwa na rampu ya zege, imepigwa lipu vizuri, laini kama sahani. Nilitoa futi kamba kwenye mkoba. Kimo kutoka ardhini hadi kizingitini kilikuwa sentimita 60, na urefu wa rampu ulikuwa mita 2 na sentimita 40. Hesabu yake ni nyepesi: kila sentimita moja ya kimo inadai sentimita 12 za urefu, hivyo rampu ile ilitakiwa iwe na mita 7 na sentimita 20. Ilikuwa theluthi moja ya kipimo chake.

"Mheshimiwa, watu watasukumwa," alisema fundi kwa heshima. "Ndugu hawakosekani."

Kabla sijajibu, alifika dada mmoja mjamzito anayetumia kiti mwendo, ambaye mwenyekiti wa mtaa alikuwa amemwalika kwa ombi langu. Alitusalimu sote, akaikabili rampu, akashika magurudumu na kusukuma. Alipanda kama mita moja. Kisha magurudumu ya mbele yakainuka kidogo kutoka kwenye zege, mabega yake yakaanza kutetemeka, nami niliyajua mabega yale, kwa sababu ndivyo yanavyotetemeka katika mita kumi za mwisho. Kiti kikaanza kurudi nyuma. Mhandisi na fundi wakakidaka kwa pamoja.

Yule dada hakulia wala hakulalamika. Alifuta viganja kwenye gauni, akasema, "Na siku nikiwa na uchungu saa nane za usiku?"

Mhandisi aliandika palepale kwenye daftari lake kwamba rampu ibomolewe na kwamba malipo ya awamu ya mwisho yasubiri.

Saa saba nilikula wali na samaki kwa shangazi. Yeye bado anaamini kwamba siasa zitanichakaza bure. "Mwanangu, medali zilikupa jina zuri. Siasa za nini tena?" Nilimweleza habari za Teresa Perales wa Hispania, aliyepooza miguu akiwa na miaka 19, akajifunza kuogelea baada ya hapo, akaingia katika bunge la jimbo la Aragón mwaka 2003, na bado mwaka 2024 huko Paris akatwaa medali yake ya 28 ya Paralimpiki. Nikamkumbusha na wa kwetu, Salum Barwany, mwenye ualbino, ambaye wananchi wa Lindi Mjini walimchagua kuwa mbunge mwaka 2010. Shangazi aliniongezea samaki, jambo ambalo kwake ni nusu ya kukubali.

Mchana ulikuwa wa mikopo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Niliketi na kikundi cha mafundi cherehani viziwi, mkalimani wa lugha ya alama akiwa katikati yetu, tukapitia katiba yao kifungu kwa kifungu. Walikuwa wamekwama kwa sababu ofisi moja iliwarudisha mara tatu bila mkalimani, na kila mara walitoka bila kujua kilichokosekana. Kilikuwa ni muhtasari wa kikao, ukurasa mmoja tu. Nakiri kwamba jambo hilo liliniuma kuliko rampu.

Saa kumi na mbili jioni nilikuwa ndani ya mwendokasi. Jukwaa la kituo likilingana na sakafu ya basi, napanda bila kushikwa mkono na mtu, na kila mara nawaza kwamba hapa kuna mtu alipima kabla ya kujenga.

Saa mbili usiku nimevua mguu na kuchora. Mita 7 na sentimita 20 hazienei kwa mstari mmoja katika kiwanja kile, kwa kuwa kuna mwembe ambao sitaki ukatwe. Nimeikunja rampu mara mbili, mita 3 na sentimita 60 kila upande, na katikati nimeacha sehemu bapa ya mita moja na nusu ili kiti kipate kugeuka. Nimeupiga picha mchoro na kumtumia mhandisi.

Saa nne kasoro, simu imeita. Ni fundi.

"Mheshimiwa, nimeshavunja nusu. Kesho njoo na ile futi yako, tupige kamba pamoja kabla sijamwaga zege."

Nimemwambia nitafika saa mbili, nikishatoka baharini.