Plagi kuingia si kuunganika: kipimo cha sauti cha mkononi na waya zake

Vipimo vya sauti vya kushika mkononi viko vya aina mbili: kinachotoa mlio, kama Minirator ya NTi Audio, na kinachousoma, kama Minilyzer ya kampuni hiyohiyo. Vyote vina soketi za XLR (ile ya mviringo yenye pini tatu) na RCA (ile ndogo ya deki na televisheni). Kwenye XLR, pini zilizochomoza hutoa na matundu hupokea. Pini 1 ni athi, 2 ni chanya, 3 ni hasi. Hapo ndipo wengi huishia, halafu wanalaumu mikseta.

Anza kwa kuunganisha kitoa mlio na kisomaji moja kwa moja, kwa kebo ileile utakayofanyia kazi. Toa 1 kHz kwa 0 dBu, yaani volti 0.775. Ikisoma 0, endelea. Ikisoma -2.2, kebo ni nzima ila kisomaji kimewekwa kwenye dBV, ambayo huhesabu kuanzia volti 1. Ikisoma -6, mara nyingi pini 2 au 3 imekatika, au umewasha mzigo wa omu 600 upande wa kupokea huku kitoa mlio nacho kikiwa cha omu 600. Dakika moja tu, na inaokoa saa nzima ya kutafuta ubovu usiokuwepo.

Ukipeleka mlio kwenye njia ya maikrofoni ya mikseta, zima kwanza fantomu, umeme ambao mikseta huupeleka kwenye maikrofoni. Ile volti 48 hupita kwenye pini 2 na 3 kupitia rezista za kilo-omu 6.8, na si kila kitoa mlio kimekingwa dhidi yake. Ukishaizima, subiri sekunde kadhaa ndipo uchomeke, kwa sababu kapasita hushikilia chaji. Anza na -40 dBu. Ukipeleka 0 dBu hapo, mawimbi yatakatwa vichwa na utapima upotoshaji ulioutengeneza mwenyewe.

Kutoka XLR kwenda RCA kuna mtego wa pini 3: uiunganishe na athi au uiache wazi? Jibu liko kwenye sakiti inayotoa. Ikiwa ni ya transfoma, lazima pini 3 iungane na pini 1, la sivyo sauti hupotea au hubaki mvumo. Ikiwa ni ya kawaida yenye op-amp (chipu ya kukuza mawimbi) mbili, moja kwa kila pini, kuiunganisha na athi ni kuipiga shoti op-amp moja. Iache wazi, ukubali kupungukiwa desibeli 6. Usipojua, anza na wazi. Ni jaribio lisilounguza kitu.

Simu au kompyuta nayo ina ujanja wake. Adapta kutoka jeki ya 3.5 mm kwenda XLR moja mara nyingi hupeleka kushoto kwenye pini 2 na kulia kwenye pini 3. Kisomaji cha balansi husoma tofauti ya pini hizo mbili, kwa hiyo mlio ulio sawa pande zote hujifuta na skrini haionyeshi kitu, ilhali ukivaa hedifoni unausikia vizuri kabisa. Tumia upande mmoja tu: kushoto kwenye pini 2, athi ya jeki kwenye pini 1 na 3.

Palipo na hatari hasa ni kwenye waya za spika. Wati 100 kwenye omu 8 ni volti 28.3, sawa na +31 dBu, wakati visomaji vingi huishia karibu na +20 dBu, volti 7.75. Punguza mara kumi: rezista ya kilo-omu 9 kwa mfululizo, kisha kilo-omu 1 kwenda athi, usome juu ya hiyo ndogo. Za robo wati zinatosha hapo. Kwenye laini ya volti 100 ya spika za msikitini au kanisani hazitoshi, maana mgawanyo huohuo hula wati 1 nzima. Weka 99 na 1, joto linashuka hadi wati 0.1.

Redio za gari nyingi, pamoja na amplifaya kadhaa za daraja la D (Class D), huendesha spika kwa nyaya zote mbili. Hasi ya spika pale si athi. Kwenye redio ya gari kila waya huwa na volti 6 hivi za umeme wa DC hata ikiwa kimya. Ukigusisha hasi hiyo na ganda la RCA, kipimo kinachotumia betri kitavumilia kwa kuwa hakijashika athi popote. Chomeka chaja ya USB kwenye soketi ya gari hilohilo, na tayari umeipiga shoti amplifaya. Sehemu kama hizo ingia kwa XLR: waya mmoja pini 2, mwingine pini 3, kila mmoja ukipitia kilo-omu 4.7, na kilo-omu 1 kati ya pini 2 na 3. Pini 1 iache.

Chaja ya USB ya ukutani nayo, hata pasipo shoti, huleta mvumo wa 50 Hz na 100 Hz kwenye vipimo vya kelele, kwa sababu athi inapata njia ya pili kupitia umeme wa ukutani. Kelele ipime kwa betri, chaja ikiwa mezani.