Nilivyofungua kompyuta yangu Lamu na waranti ikabaki

Anayenunua kompyuta Mombasa akaja kuitumia Lamu ana waranti mkononi, lakini fundi wa kuitekeleza waranti hiyo yuko mbali naye. Mashine ikiharibika ni kupanda boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen hadi Malindi, na kutoka Malindi kuteremka hadi Mombasa. Huko itapokewa, itapangwa foleni nyuma ya nyingine, na mwenyewe atarudi kungoja simu. Mimi nina afisi ndogo ya kupiga chapa na kujaza fomu za serikali mtandaoni mtaa wa Langoni, na kompyuta ya kupakata ndiyo kazi yenyewe. Ikiondoka wiki kadhaa, nafunga mlango.

Ndiyo maana nililichukulia kwa uzito swali ambalo wengi hulijibu kwa haraka: je, ukikifungua kifaa chako mwenyewe, waranti yake imekufa? Nimelipitia suala hili tangu mwanzo hadi mwisho, hadi kufikia kudai haki yangu mbele ya muuzaji aliyekwisha kukataa, na naandika ili mwenye kompyuta iliyo katika hali kama hiyo asikate tamaa mapema wala asikurupuke.

Kompyuta ilikuwa ingali ndani ya mwaka wake wa waranti ilipoanza kupata moto. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe na chokaa hutoa vumbi jembamba ambalo halionekani likiruka, na vumbi hilo likichanganyika na unyevu wa pwani hugandamana katikati ya mapezi ya shaba yanayoipoza prosesa, ile chipu kuu inayoendesha kompyuta. Feni ilivuma kwa nguvu bila kupoza kitu, na mwishowe mashine ikawa inajizima yenyewe, wakati mwingine katikati ya fomu ya mteja aliyesimama mbele yangu. Kujizima huko si hitilafu: prosesa hufanya hivyo kujilinda isiungue. Hitilafu ni vumbi, na dawa yake ni brashi na hewa.

Nilimpigia simu muuzaji. Kijana aliyepokea alisema, kwa upole, "Dada, ukiifungua tu waranti imekwisha. Kuna stika juu ya skrubu. Ilete huku tuisafishe." Mzee mmoja wa mtaani, fundi wa redio na televisheni tangu mimi mtoto, nilimweleza jambo lile lile, naye akaniuliza, "Mwanangu, umeisoma karatasi yao, au umemsikiliza mwenye simu?" Nikamjibu, "Bado, ami." Jioni ile nikaitoa karatasi ya waranti katika boksi na kuisoma yote, pamoja na yale maandishi madogo ya nyuma.

Karatasi haikusema alichosema kijana. Ilisema kwamba waranti haigharimii uharibifu uliosababishwa na matengenezo au mabadiliko yaliyofanywa na mtu asiyeidhinishwa. Kuhusu stika, ilisema kwamba ikiwa imeondolewa kampuni inaweza kukataa dai. Hayo ni mambo mawili tofauti, na tofauti yake ndiyo iliyobeba kesi yangu yote baadaye. La kwanza linauliza kama mkono wako ndio ulioleta ubovu. La pili linaipa kampuni nafasi ya kukataa, lakini haliifungi kukataa, wala halisemi kwamba kila kitu ndani ya mashine kimekoma kudhaminiwa kwa sababu karatasi iliyogundishwa imepasuka.

Kisha nikatafuta mwongozo wa matengenezo. Watengenezaji wakubwa kama Dell, Lenovo na HP huweka miongozo hiyo wazi kwenye tovuti zao, kwa kila aina ya kompyuta, na ndani yake utakuta picha za kila skrubu na orodha ya sehemu ambazo mwenye mashine anaruhusiwa kuzibadilisha mwenyewe. Mwongozo wa mashine yangu uliruhusu memori na diski. Kufika kwenye memori ni lazima ufungue kifuniko cha chini, na feni iko hapo hapo, wazi mbele ya macho yako. Kwa hiyo mtengenezaji mwenyewe alikuwa ananielekeza jinsi ya kufungua kile ambacho muuzaji alisema kukifungua ni marufuku.

Sikutosheka na hoja yangu mwenyewe. Niliandika barua pepe kwa msambazaji, nikaweka nambari ya mashine na nakala ya risiti, nikauliza maswali yaliyo wazi: je, kufungua kifuniko cha chini ili kuongeza memori kunaondoa waranti, je, nikiwa nimekifungua naruhusiwa kupuliza vumbi bila kuyang'oa mapezi yaliyobana prosesa, na stika ikipasuka kwa sababu hiyo, itakuwaje? Jibu lilichelewa, na ilinibidi kukumbusha. Lilipofika lilikuwa fupi: kuongeza memori kunaruhusiwa, kupuliza vumbi kunaruhusiwa mradi mfumo wa kupoza using'olewe, na uharibifu wowote utakaotokana na kazi hiyo ni juu yangu. Nililipiga chapa nikaliweka pamoja na risiti. Naamini hii ndiyo hatua iliyo muhimu kupita zote, na haigharimu ila subira.

Niseme kidogo kuhusu sheria, maana hapa watu hupotoshana. Mtandaoni utasoma mara nyingi kwamba stika za namna hii ni haramu. Wanaosema hivyo wananukuu sheria ya Marekani ya mwaka 1975, iitwayo Magnuson-Moss, ambayo humkataza mtoa waranti kumlazimisha mteja atumie vipuri au mafundi wake pekee ndipo waranti idumu, isipokuwa anavitoa bure. Mwaka 2018 tume ya biashara ya serikali ya huko ilizionya kwa barua kampuni sita kuhusu masharti kama hayo. Hata chini ya sheria hiyo, kampuni ikionyesha kwamba kazi ya mteja ndiyo iliyoharibu kifaa, inaweza kukataa kugharimia uharibifu huo. Ni sheria nzuri, lakini ni ya Marekani, na mtu wa Lamu akiitaja mbele ya muuzaji wa Mombasa atakuwa anajidhoofisha.

Ya kwetu yapo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mlaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, na haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012, katika kifungu chake cha 5, inamchukulia muuzaji kuwa amedhamini kwamba bidhaa aliyouza ina ubora unaostahili kuuzwa, na sharti lolote la mkataba linalojaribu kuufuta udhamini huo ni batili. Sheria hiyo haitaji stika wala skrubu. Ninachokipata humo ni kwamba muuzaji anawajibika kwangu kwa nguvu ya sheria, mbali na ile karatasi ya mtengenezaji, na wajibu huo hautegemei gundi. Lakini nao haunikingi nikiharibu kwa mkono wangu: bidhaa iliyouzwa ikiwa nzima kisha nikaivunja, muuzaji hana deni kwangu.

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa mbili: kusafisha bila kuharibu, na kuweka ushahidi kwamba sikuharibu.

Niliifanya mchana, kwenye meza iliyofunikwa shuka nyeupe ili skrubu ikianguka ionekane. Skrubu za kifuniko hazikuwa na urefu mmoja, na hili ni jambo la kuangaliwa sana, kwa sababu skrubu ndefu ikitiwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa mazabodi, yaani ubao mkuu wa saketi ulio ndani. Nilichora umbo la kompyuta kwenye karatasi na kuichomeka kila skrubu mahali pake. Vishikizo vya plastiki vya ukingoni nilivifungua kwa kadi ya zamani ya simu, kwa sababu bisibisi huacha makovu, na makovu hayo ndiyo fundi wa waranti anayoyatafuta kwanza. Kifuniko kilipotoka nilichomoa waya wa betri kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Kisha nikapiga picha kwa simu: ndani yote kwa ujumla, halafu kila kona kwa karibu, kila tundu la waya, na vile vibandiko vidogo vyeupe ambavyo huwa vyekundu vikiguswa na maji. Feni niliizuia kwa kijiti isizunguke wakati wa kupuliza, kwa kuwa ikizungushwa kwa kasi na hewa inaweza kuumiza beringi zake. Mapezi sikuyang'oa. Nikaongeza memori, nikapiga picha zile zile tena, nikafunga.

Mashine ikatulia, na haikujizima tena.

Niongeze hapa kwamba uhuru huu una mpaka. Adapta ya umeme sikuifungua na singeifungua, wala televisheni, wala oveni ya maikrowevu, kwa sababu kapasita zilizomo, vile visehemu vinavyohifadhi umeme, hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi, na ule wa maikrowevu unaua. Betri iliyovimba nayo si ya kuchokonolewa na yeyote. Hapo hoja si waranti tena.

Mtihani wenyewe ulikuja waranti ikikaribia kwisha. Kioo kilianza kutoa mistari ya wima, kisha nusu yake ikawa giza. Niliunganisha kompyuta na skrini ya nje kwa waya, na picha ikatoka safi kabisa, ishara kwamba mazabodi ni nzima na ubovu uko kwenye kioo au waya wake. Nikaipeleka Mombasa. Fundi aliigeuza, akaiona stika iliyopasuka, akasema, "Hii imefunguliwa, dada. Hatuwezi."

Sikubishana naye, yeye alifuata alichoagizwa. Nilimwomba msimamizi wake, nikamwekea mezani jibu la msambazaji na zile picha. Kioo kiko kwenye mfuniko wa juu, ambao sikuwahi kuufungua. Kinachokifikia kutoka chini ni waya mmoja tu, na picha za kabla na baada zilionyesha tundu la waya huo likiwa bado na utepe wa kiwandani juu yake, haukusogezwa. Nikamwambia kwa heshima: "Kaka, ikiwa mnakataa, nawaomba mniandikie ni kitu gani nilichofanya chini ndicho kilichoharibu kioo cha juu. Barua hiyo nitaiambatisha kwenye malalamiko yangu kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya." Mamlaka hiyo ndiyo hupokea malalamiko ya walaji. Nilijua pia kwamba Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, lakini sikuona haja ya kuitaja. Mtu anapotafuta njia ya kukubali, usimrundikie vitisho.

Msimamizi alizitazama picha kwa muda, akamwita fundi, wakafungua kifuniko cha chini mbele yangu na kulinganisha. Utepe ulikuwa pale pale. Vibandiko vya maji vilikuwa vyeupe. Hawakuandika barua yoyote ya kukataa, kwa kuwa hapakuwa na la kuandika. Walipokea mashine, wakaagiza kioo, na baadaye wakakibadilisha bila kunitoza.

Nilipokwenda kuichukua niliomba jambo moja la mwisho: karatasi ya kazi iandikwe kwamba kifuniko cha chini kilikwisha kufunguliwa na mwenye mashine kwa kusafisha na kuongeza memori, na kwamba hakikukutwa uharibifu uliotokana na hilo. Msimamizi aliandika, akagonga muhuri, na mimi nikapiga picha kabla ya kutoka dukani.