Bati la mama mkwe limetoka kwenye rasta

Juzi kwenye kundi la WhatsApp la ukweni walirusha picha ya nyumba ya mama mkwe, bati jipya linang'aa. Pongezi kwa mume wangu zikamiminika: kaka umetusitiri, kaka Mungu akuzidishie. Wifi yangu akamalizia, "Na wewe wifi, pole na kusukasuka nywele huko."

Kusukasuka! Mume wangu aliumia mgongo kazini tangu Februari, wakampunguzia saa. Bati lile ni vichwa 11 vya rasta, nimevihesabu. Jumamosi nne nimesimama jikoni kwangu hapa Charleston, Marekani, mpaka miguu imevimba. Bei ya kichwa kimoja siitaji, msusi wa Kariakoo ataacha mteja kitini akatafute viza.

Na mume mwenyewe alizisoma pongezi zote, akajibu: "Amina."

Mteja wangu mmoja, bibi wa hapahapa, aliniona nilivyonuna akaniachia tiketi ya Gibbes, makumbusho ya sanaa ya mjini. Miaka sita napita mlangoni pale, sijawahi kuingia. Kodi ya nyumba kwanza, picha baadaye. Nikaenda. Ndipo nikakutana na kazi za Henrietta Johnston: sura za watu wenye macho makubwa, zimechorwa kwa pasteli, yaani vijiti vya rangi kavu vinavyoacha unga kama chaki. Picha zenyewe ni ndogo, kama karatasi ya A4. Nyingi ni za matajiri. Waliowalimia mashamba, watu wa rangi yangu, hawakuwekwa kwenye fremu.

Usiku nikamtafuta kwenye simu. Kumbe mhamiaji mwenzangu. Wazazi wake walikuwa Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbilia London. Akaolewa, akahamia Ireland, akafiwa na mume. Mwaka 1705 akaolewa tena na Gideon Johnston, mchungaji wa Kianglikana, na 1708 wakaja hapa, mchungaji akiwa ameahidiwa kanisa la St. Philip's. Nuksi ikaanza kabla hawajatua: mchungaji alikwama kwenye kisiwa cha mchanga nje ya bandari, siku kadhaa bila chakula. Alipookolewa akakuta mwenzake keshakalia nafasi yake. Kupata kazi alipata, ila mshahara ukawa wa kusuasua, na maradhi na madeni juu.

Mama akashika vijiti vyake. Anachora, wanalipa, watu wanakula. Mwaka 1709 Gideon alimwandikia Askofu wa Salisbury, Uingereza, kwamba bila msaada wa mke wake anayechora picha, asingeweza kuishi.

Nikaisoma mara tatu. Mwanamume, tena mchungaji, anamwandikia askofu wa ng'ambo kuwa mkewe ndiye anayewaweka hai! Wangu ameshindwa kuwaandikia dada zake.

Ninyi mnaojaza fomu za green card, sikilizeni. Vyeti leteni, lakini njooni na ufundi wa mikono. Kusuka, kushona, kupika, chochote. Cheti changu cha uhasibu kipo kabatini kinakula vumbi. Na uulizie leseni mapema, kila jimbo lina sheria yake.

Gideon alizama na mashua hapahapa bandarini mwaka 1716. Mjane akaendelea kuchora, mwaka 1725 akafika mpaka New York kutafuta riziki, akazikwa Charleston mwaka 1729. Leo ndiye anayehesabiwa mwanamke wa kwanza anayejulikana kuchora kwa malipo katika makoloni ya Waingereza ya huku Marekani. Jina lake aliliandika nyuma ya picha, kwenye ubao wa fremu, na mwaka. Mbele huoni kitu.

Ijumaa nimetuma hela ya misumari na rangi. Siku zote natuma kwa jina la mume. Safari hii nimejaza la kwangu, majina matatu kamili. Haikupita nusu saa wifi akaandika kundini: "Jamani, kuna hela imeingia. Huyu ni nani?"